Kuitazama Upya Tamthilia ya Mizimu na Mazimwi: Mwongozo wa Kuipa Kila Episodi Alama Yake

Kuitazama upya tamthilia ya mizimu, mapepo na mazimwi ni kazi tofauti na kuitazama mara ya kwanza, na mtu asiyeitambua tofauti hiyo mapema hujikuta, baada ya episodi thelathini hivi, ana daftari lililojaa namba zisizomwambia lolote. Mara ya kwanza hofu hutokana na kutojua: mlango unafunguka polepole na mtazamaji hajui ni nini kilicho nyuma yake. Mara ya pili anajua. Kwa hiyo anayetoa alama katika marudio hapimi tena kile alichokipima awali, bali anapima kinachosalia baada ya siri kwisha. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kuzingatia jambo hilo, na mifano yake imetoka katika tamthilia tatu za Marekani ambazo wapenzi wa aina hii ya hadithi wanazifahamu, yaani The X-Files (wapelelezi wawili wanaochunguza mambo ya ajabu), Buffy the Vampire Slayer (msichana anayewinda vampaya, wafu wanyonyao damu ambao jua huwachoma) na Supernatural (ndugu wawili wanaowinda mizimu na mapepo). Kwa kuwa marudio ni ya mtu aliyekwisha kuona, siri kadhaa za hadithi hizo zitatajwa waziwazi.

Hatua ya kwanza: pima safari kabla ya kuianza

Supernatural ilianza kuonyeshwa Septemba 2005 na ikamalizika Novemba 2020, ikiwa imefikisha misimu 15 na episodi 327. Kila episodi huchukua takriban dakika 42 matangazo yakiondolewa, hivyo jumla yake inakaribia saa 229, na anayetazama episodi mbili kila siku bila kukosa atahitaji siku 164 kuimaliza. Buffy, iliyoonyeshwa kuanzia 1997 hadi 2003, ina episodi 144 katika misimu saba. The X-Files ina 218, ukihesabu misimu tisa ya 1993 hadi 2002 pamoja na miwili mifupi ya 2016 na 2018. Hesabu hii ifanywe kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu wengi huanza kwa shauku ya kuimaliza tamthilia nzima, wakaishia njiani, na alama zao zikawa za misimu ya mwanzo peke yake.

Ni afadhali kuchagua kipande chenye mwanzo na mwisho unaotokana na hadithi yenyewe. Katika Supernatural kipande hicho ni misimu mitano ya kwanza, iliyosimamiwa na Eric Kripke aliyeibuni tamthilia hiyo, ambayo hadithi yake kuu inafikia tamati Mei 2010. Hizo ni episodi 104, takriban saa 73, na mtu mwenye kazi zake anaweza kuzimaliza bila kuzichukia. Katika The X-Files mpaka wa asili ni mwisho wa msimu wa tano, kwa sababu filamu ya sinema ya Juni 1998 inaingia hapo hasa, kati ya msimu wa tano na wa sita, na anayeiruka ataukuta msimu wa sita ukianza na mambo ambayo hakuyaona yakitokea. Buffy ina mtego wa namna yake: kuanzia Oktoba 1999 ilikuwa na tamthilia dada, Angel, yenye episodi 110, na katika msimu wa nne wa Buffy wahusika huvuka kutoka tamthilia moja hadi nyingine, jambo likianzia huku na kumalizikia kule. Amua mapema kama utazitazama kwa kupishana au la, kisha usibadilishe uamuzi huo katikati.

Hatua ya pili: chagua nakala moja na uishikilie

Hatua hii huonekana ndogo, lakini imewaharibia kazi watu wengi kuliko wanavyojua. Tamthilia za miaka ya 1990 zilitengenezwa kwa ajili ya skrini zenye umbo linalokaribia mraba, na baadaye zilipotayarishwa upya kwa skrini pana, matokeo hayakuwa mazuri kila mahali. Nakala pana ya Buffy ndiyo mfano unaolalamikiwa zaidi: pembeni mwa baadhi ya picha vinaonekana vifaa na hata watu wa kundi la upigaji picha ambao hawakukusudiwa kuonekana, na kuna matukio yaliyopigwa mchana yakatiwa giza ili yafanane na usiku, ambayo katika nakala hiyo yamerudi kuwa mchana mweupe huku vampaya akitembea nje bila kuungua. Mtu akiipa alama episodi kama hiyo kwa nakala pana, kisha akatoa alama ya inayofuata kwa nakala ya zamani, analinganisha vitu visivyolingana.

Zingatia pia chumba. Aina hii ya tamthilia huweka nusu ya hadithi yake gizani. The X-Files ilipigwa picha Vancouver, Kanada, kwa misimu mitano ya kwanza kabla ya kuhamia Los Angeles, na ukungu, mvua na misitu ya Vancouver ni sehemu ya hofu yake. Ukiitazama mchana kwenye simu yenye mwanga unaong'aa, utaona madoa meusi tu. Zima taa, tumia skrini ileile na spika au vifaa vya masikioni vilevile tangu mwanzo hadi mwisho. Kama hilo haliwezekani kwa episodi fulani, andika pembeni, na usiipe alama ya juu wala ya chini kupita kiasi mpaka uirudie katika hali ya kawaida.

Hatua ya tatu: andika unachokumbuka kabla ya kubonyeza

Kabla ya kila episodi, andika mistari miwili: unachokikumbuka kuihusu, na alama ambayo ungeipa kwa kumbukumbu peke yake. Usipite mistari miwili. Ukishamaliza kutazama, tofauti kati ya kumbukumbu na ulichokiona ndiyo habari yenye thamani kubwa zaidi utakayoipata katika zoezi zima. Episodi iliyokumbukwa kwa tukio moja tu la dakika mbili, huku dakika 40 zilizobaki zikiwa zimefutika, inasema kitu juu ya uandishi wake. Ile isiyokumbukwa kabisa lakini ikakushika tangu mwanzo hadi mwisho inasema kingine, na kwa uzoefu wangu hizi za pili ndizo zinazofanya marudio yastahili muda wake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 na mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake, ambao ulihusu watu kutia mikono katika maji baridi, ulionyesha kwamba kumbukumbu ya tukio hutawaliwa na kilele chake na mwisho wake, huku urefu wa tukio lenyewe ukisahaulika. Tamthilia za mizimu zimejengwa kana kwamba zinalijua hilo, kwani kilele na mwisho ndivyo vinavyopewa fedha, muziki na mvua ya bandia. Anayetaka kuwa mwadilifu lazima atafute njia ya kuzihesabu dakika za katikati, na hiyo ndiyo hatua inayofuata.

Hatua ya nne: gawa episodi kwa mapumziko yake

Tamthilia za vituo vya matangazo vya Marekani ziliandikwa kwa vipande vinavyotenganishwa na matangazo ya biashara. Hata yakiondolewa, alama zake zinabaki: picha inazima kwa nusu sekunde baada ya jambo la kutisha au la kushangaza, kisha hadithi inaendelea. Mwanzoni kuna kipande kifupi kabla ya jina la tamthilia, ambamo mara nyingi mtu tusiyemjua anakutana na zimwi na hatumwoni tena. Baada yake hufuata vipande vinne au zaidi.

Kila picha inapozima, andika ishara moja tu: ya kujumlisha (+) kama kipande kimekusogeza mbele, ya kutoa (−) kama umejikuta ukiangalia saa, sifuri (0) kama hakuna hili wala lile. Usisimamishe kutazama ili kuandika maelezo, kwa sababu hofu inayokatizwa kila dakika tano haiwezi kupimwa na mtu yeyote. Mwishoni utakuwa na safu fupi ya ishara inayoonyesha umbo la episodi. Utashangazwa na idadi ya episodi zinazosifiwa ambazo kipande chake cha tatu ni wahusika wawili wakifungua vitabu vya kale na kusomeana yale ambayo mtazamaji ameshayafahamu.

Hatua ya tano: sentensi kwanza, namba baadaye

Episodi ikiisha, usiandike namba. Andika sentensi moja kamili inayosema episodi ilikuwa inajaribu kufanya nini na kama imefaulu. Mtu akianza na namba, sentensi inayofuata huwa wakili wa namba hiyo; akianza na sentensi, namba hulazimika kuitii. Fanya hivyo kabla ya kusoma maoni ya mtu mwingine yeyote, maana hukumu ya wengi ikishaingia masikioni haitoki kwa urahisi.

Ili sentensi hiyo isielee hewani, iongozwe na maswali manne, ingawa si lazima yote yajibiwe kila mara.

Swali la kwanza ni la hofu iliyosalia. Tenganisha mshtuko na wasiwasi. Mshtuko ni paka anayeruka kutoka kabatini, na ukishamwona mara moja hana kazi tena. Wasiwasi ni kitu kingine. Katika episodi ya Buffy iitwayo Hush, iliyoonyeshwa Desemba 1999, viumbe wenye tabasamu la kudumu wanaiba sauti za mji mzima, na kwa zaidi ya nusu ya episodi hakuna mazungumzo kabisa. Kujua kwamba watakuja hakupunguzi kitu, kwa sababu kinachotisha ni namna wanavyoelea taratibu barabarani huku wakiinamiana kwa adabu, na mtu ndani ya chumba akifungua kinywa kuita msaada ambao hauwezi kutoka. Hofu ya namna hiyo huongezeka kwa marudio, na inastahili kulipwa.

Swali la pili ni la masharti. Kila tamthilia ya aina hii huweka sheria za ulimwengu wake. Katika Supernatural mzimu huzuiwa kwa chumvi na chuma, na ili uondoke kabisa mara nyingi mifupa ya marehemu hutiwa chumvi ikachomwa moto. Chumvi hapa si ya kutia katika maneno. Ni sharti, na uzito wa hatari yote unategemea kulishika. Mtazamaji wa mara ya kwanza ana haraka ya kujua nani atapona, hivyo sharti likivunjwa dakika ya 38 ili shujaa aokoke, huenda asilione. Wa mara ya pili ataliona, na anayo haki ya kupunguza alama. Hata hivyo, tofautisha kati ya kuvunja sharti na kulipanua. Malaika walipoingia katika Supernatural mwanzoni mwa msimu wa nne, Septemba 2008, ulimwengu wa tamthilia ulibadilika, lakini mabadiliko hayo yaliandaliwa, yakaelezwa na yakawa na gharama kwa wahusika. Huo si udanganyifu.

Swali la tatu ni la gharama, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Zimwi likiuawa, nani amepoteza nini? Episodi ya Supernatural iitwayo Mystery Spot, ya Februari 2008, huanza kama kichekesho: ndugu mmoja anakufa kila Jumanne kwa ajali za kipuuzi, na mwenzake anaamka tena Jumanne ileile. Mara ya kwanza mtazamaji hucheka. Katika marudio anajua kwamba baada ya vicheko kitafuata kifo kisichorudishwa asubuhi, na miezi ya mtu mmoja aliyebaki akila, akilala na kuwinda kama mashine, kwa hiyo vicheko vilevile vinaanza kuuma tangu dakika ya tano. Episodi inayobadilika hivyo bila kuongezwa hata picha moja imefanya kazi ambayo namba za juu zimewekwa kwa ajili yake.

Swali la nne ni la ufundi: picha, sauti, uhariri, uigizaji. Hapa pana kosa moja la kuepuka, nalo ni kuiadhibu tamthilia kwa umri wake. Zimwi la kompyuta la mwaka 1998 litaonekana kama zimwi la kompyuta la mwaka 1998. Swali la haki ni kama mwongozaji alijua mipaka ya vifaa vyake akalificha zimwi kwenye kivuli, au alilisimamisha kwenye mwanga mweupe kana kwamba hatuna macho.

Maswali haya yasigeuzwe kuwa jedwali la kujumlisha, kila moja alama mbili na nusu. Sababu inaonekana wazi katika The Body, episodi ya Buffy ya Februari 2001. Mama wa shujaa anakufa kwa maradhi ya kawaida ya mwili. Hakuna muziki wa kusindikiza, na isipokuwa vampaya mmoja anayetokea chumba cha maiti karibu na mwisho, hakuna la ajabu linalotendeka. Jedwali linalodai hofu ya kiumbe lingeiangusha episodi hiyo, ilhali ni miongoni mwa saa nzito kuliko zote ambazo aina hii ya tamthilia imewahi kutoa, kwa sababu inawaweka watu waliozoea kushinda kifo mbele ya kifo kisichopigika.

Hatua ya sita: weka vigingi vya kipimo

Tumia kipimo cha moja hadi kumi, bila nusu. Kabla ya kuanza, chagua episodi tatu unazozifahamu vizuri ziwe vigingi: moja dhaifu uipe tatu, moja inayofanya wajibu wake bila kuzidisha uipe tano, na moja bora uipe tisa. Kumi iachwe wazi. Bila vigingi, alama zote hukimbilia saba na nane, maana mtu hatumii saa nyingi na tamthilia asiyoipenda, na namba zinazofanana haziwezi kutenganisha chochote. Tano si tusi. Tamthilia yenye episodi 22 kwa msimu ilihitaji episodi nyingi za tano ili iende hewani kila wiki, na kuzitambua kwa jina lake ni kuzitendea haki zile za nane.

Ongeza safu ya pili kwa ajili ya mchango wa episodi katika hadithi kuu. Episodi ya kujitegemea, ile ya zimwi la wiki, inaweza kupata nane kwa yenyewe na moja kwa mchango. Ya kufunga msimu inaweza kuwa kinyume chake. Ukizichanganya namba hizo mbili, episodi za hadithi kuu zitapanda kwa sababu ya umuhimu wake peke yake.

Vipi kuhusu mazingira ya utengenezaji? Msimu wa tatu wa Supernatural una episodi 16 badala ya 22 kwa sababu ya mgomo wa waandishi uliodumu kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008, na haraka inaonekana. Huruma yako iandikwe katika safu ya maelezo, isiingie katika alama, kwa kuwa dharura haileti udhaifu siku zote. Ujauzito wa Gillian Anderson wakati wa msimu wa pili wa The X-Files ndio uliowafanya waandishi wamtoe mhusika wake kwa kumfanya atekwe, na utekaji huo ukawa uti wa mgongo wa hadithi kwa miaka iliyofuata.

Episodi zenye sehemu mbili zipewe alama mbili, na ya sehemu ya kwanza iandikwe kabla ya kuitazama ya pili. Episodi iliyokusanya vipande vya zamani isipewe alama kabisa.

Hatua ya saba: jikague

Usitazame zaidi ya episodi mbili kwa kikao kimoja. Episodi ya kawaida ikija baada ya iliyo bora huonekana mbovu, na ikija baada ya mbovu huonekana bora, na kadiri kikao kinavyorefuka ndivyo mtazamaji anavyopima uchovu wake mwenyewe. Kila msimu unapomalizika, rudia kigingi kimoja bila kuangalia alama uliyokipa, kisha linganisha. Tofauti ya alama moja ni ya kawaida. Ikizidi hapo, kipimo chako kimehama, na alama za msimu huo zinahitaji kupitiwa tena kwa kusoma zile sentensi, si kwa kukisia.

Unapotafuta alama ya msimu, tahadhari na wastani. Chukua episodi tano zenye alama nane, nane, saba, nane na mbili: wastani wake ni 6.6, ingawa hakuna hata episodi moja yenye hali hiyo. Ukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa ukachukua ya katikati, unapata nane, ambayo inaeleza vizuri zaidi jioni ya kawaida ndani ya msimu huo. Iandike ile mbili kando, pamoja na sentensi yake, ili msomaji wa daftari lako ajue kwamba shimo lipo na liko wapi.

Episodi ya mwisho ya tamthilia nzima ina utaratibu wake. Usiiandikie alama usiku uleule, kwa sababu utakuwa unaaga, na anayeaga hapimi. Andika sentensi yake tu, funga daftari kwa wiki moja, kisha tazama tena episodi ya kwanza kabisa ya msimu wa kwanza. Baada ya hapo zipe alama episodi zote mbili kwa kikao kimoja, ukianza na ya kwanza.